Kanda 41 za baba: huduma ya kuhamisha kanda kwa fundi wa Ngamiani

Nilichelewa makusudi kuandika haya. Nilitaka kwanza nizisikilize zote, mwanzo mpaka mwisho, hedifoni masikioni na daftari mapajani, ili nitakachosema kiwe nimekisikia mwenyewe. Sasa ni miezi miwili na nusu. Kanda ya mwisho nimeimaliza usiku wa kuamkia Ijumaa, na naweza kusema hivi: kama una kanda za zamani na uko Tanga, Muheza, Pangani au hata Korogwe, mpelekee yule mzee wa Ngamiani. Ila nenda ukijua unataka kuzisikilizia wapi, maana atakuuliza, na ukimjibu "weka tu ubora mzuri" atakuuliza tena.

Duka halina kibao. Liko mtaa wa nyuma ya soko, fremu nyembamba iliyobanwa kati ya mshona mikoba na muuza mikeka. Uliza "kwa mzee wa kanda", hata watoto watakuonyesha. Ndani kuna deki tatu za kaseti, mbili zimevuliwa mifuniko, kompyuta ya mezani, feni, na harufu ya spiriti inayokupokea mlangoni. Ukimkuta na hedifoni usimkatize. Kaa kwenye benchi, akimaliza upande mmoja wa kanda atazivua na atakuitikia shikamoo yako kwa utulivu.

Baba yangu alikuwa karani bandarini. Kilichobaki kwenye mshahara baada ya karo na unga kiliishia kwenye kanda tupu. Alipofariki aliacha sanduku la bati lenye kanda 41, kila moja ina namba kwa kalamu ya wino na karatasi ya maelezo ndani, kwa mwandiko ule wa kikarani wa kulala upande. Alizaliwa na kukulia Tanga ya muziki. Dansi ilikuwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, taarab ilikuwa Black Star na Lucky Star, na hao Black Star ndio waliotia magitaa ya umeme na mwendo wa dansi ndani ya taarab. Baba hakuchoka kutukumbusha kwamba Shakila aliimba hapa hapa kwetu kabla nchi nzima haijamjua, na kwamba ndugu wa Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha, kisha Mombasa, Kenya, walikoanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Nyingi ya kanda zake alirekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kutunyamazisha nyumba nzima kwa kidole. Nyingine alirekodi mwenyewe kwenye shughuli.

Kanda namba 17 ndiyo iliyonifanya nisilale. Harusi ya shangazi yangu, Msambweni, 1986. Redio kaseti ilikuwa imewekwa juu ya kigoda karibu na wapigaji, na kuna mahali bibi yangu mzaa baba anaongoza vigelegele, halafu anageuka na kuniita kwa jina niondoke miguuni mwa watu. Nilikuwa na miaka saba. Hakuna sauti nyingine ya bibi iliyobaki duniani.

Miaka miwili iliyopita nilikosea. Nilimpa mtu kanda sita, namba 17 ikiwamo, akazipeleka kwenye duka moja Dar es Salaam linalofanya kazi hiyo. Nilirudishiwa flashi yenye mafaili yaliyoandikwa 320, na nikaambiwa hiyo ndiyo namba ya juu kabisa ya MP3, hakuna zaidi. Ni kweli MP3 inaishia kilobiti 320 kwa sekunde. Lakini sauti ilikuwa kama watu wanaimba ndani ya pipa la maji. Njuga za tari zilikuwa zinachuruzika badala ya kulia, na vigelegele vya bibi vilikuwa na kitu kama mapovu ndani yake. Nikaamini kanda zimekufa. Nililia siku ile, na sanduku nikalirudisha uvunguni.

Basi siku ya kwanza kwa mzee nilikwenda na vitu viwili: ile flashi, na kanda yenyewe.

Alianza na flashi. Hakuisikiliza. Alifungua faili kwenye programu inayochora sauti kama picha, wakati ukienda kushoto kulia, na unene na wembamba wa sauti ukipanda chini kwenda juu, besi chini, njuga juu. Akaniita nisogee.

"Mwanangu, unaona hapa juu?"

Niliona. Rangi ilipanda vizuri mpaka karibu na alama ya 16,000, yaani mitetemo 16,000 kwa sekunde, kisha ikakatika moja kwa moja, mstari ulionyooka kama ukingo wa meza, na juu yake giza tupu. Akanieleza kwamba mvumo wa kanda, ule *shhhh* unaousikia nyimbo zikinyamaza, haukatiki hivyo. Unafifia kidogo kidogo mpaka juu kabisa. Ukikuta umekatwa kwa mstari mnyoofu ujue mkono wa kompyuta umepita, na ukataji wa mahali pale ni alama ya MP3 ya kilobiti 128. Maana yake walihamisha kwa 128, kisha wakaligeuza faili lile lile kuwa 320 ili namba ipendeze.

"Faili limenenepa," akasema, "sauti haikurudi."

Hapa nataka nieleze kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma namba hizi kwenye simu miaka yote bila kujua zinasema nini. Kilobiti kwa sekunde ni wingi wa taarifa zinazotumika kueleza sekunde moja ya sauti. CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, kulia na kushoto, na ukizidisha unapata kama kilobiti 1,411 kwa sekunde, karibu MB 10 na nusu kwa kila dakika. MP3 ya 128 inakula kama MB 1 kwa dakika. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Zimetupwa. Watafiti walioitengeneza MP3, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, waliijenga juu ya udhaifu wa sikio letu: sauti ndogo iliyo jirani na sauti kubwa hatuisikii, basi inaachwa. Ni kazi ya akili sana na naiheshimu. Lakini kilichotupwa kimetupwa. Kuligeuza faili la 128 kuwa 320 ni sawa na kumwaga kikombe cha chai ndani ya sufuria. Chai ni ile ile.

Mzee ana lugha yake ya jambo hili na ameniambukiza. Faili la kwanza, lile linalotoka moja kwa moja kwenye kanda bila kutupwa kitu, analiita mama. MP3 zote ni watoto. Mama anaweza kuzaa watoto wa kila aina, wa simu, wa gari, wa flashi ya sabufa. Mtoto wa MP3 ukimlazimisha azae mtoto mwingine, anayezaliwa ni dhaifu kuliko yeye, kila mara. Kwa hiyo swali lake la kwanza kwa kila mteja ni kama anataka mama au anataka watoto peke yao. Wengi, anasema, wanataka watoto tu, wanajaziwa kwenye memori kadi na kuondoka. Mimi nilitaka mama.

Kisha akachukua kanda namba 17 na kufanya jambo ambalo peke yake lilistahili pesa zote nilizolipa.

Alipangusa hedi ya deki, kile kichuma kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Akaitia kanda, akacheza. Sauti ilikuwa nzito, imefunikwa, kama vile baba alivyokuwa akiisikiliza miaka ya mwisho. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo tena. Mzee akachukua bisibisi ndogo ya nyota, ya kushika kwa vidole viwili, akaipenyeza kwenye kitundu kidogo chini ya mlango wa kaseti, na huku kanda inacheza akaanza kuzungusha skrubu ya pembeni ya hedi. Polepole sana, chini ya robo mzunguko. Njuga za tari zikaanza kusogea. Zilikuwa mbali, zikawa chumba cha pili, zikawa mezani. Akapitiliza kidogo, zikarudi nyuma, akarudisha. Pale pale akasimama. Fidla ambayo sikujua kama imo kwenye ile harusi ikatokea upande wa kushoto, inajibu sauti ya mwimbaji. Miaka yote ile fidla ilikuwamo na hatukuisikia.

Sababu alinieleza baadaye nikiwa nimetulia. Mkanda wa kaseti unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo mdogo mno, kwa hiyo sauti za juu zimeandikwa humo kwa mawimbi membamba sana, mafupi kuliko unene wa unywele wa kichwani. Hedi ya redio ya baba ilikuwa imeinama kidogo upande wake, na hedi ya deki nyingine yoyote imeinama upande mwingine. Hitilafu hiyo isiyoonekana kwa macho inatosha kuzifuta sauti zote za juu wakati wa kusoma. Inabidi hedi ya kusomea iinamishwe kama ile iliyoandika. Ndiyo maana kwa kila kanda anashika bisibisi upya. Duka lile la mwanzo sidhani kama waligusa skrubu hata moja. Kanda ilichomekwa, ikachezwa, ikarekodiwa.

Nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nikibishana na watu kuhusu 320 na 256 wakati theluthi nzima ya sauti ilikuwa imepotelea kwenye skrubu. Namba kwenye faili inaeleza tu ukubwa wa chombo.

Sasa mipangilio. Mama zangu anazirekodi kwa biti 24, mara 48,000 kwa sekunde, kisha anazihifadhi kwa FLAC. FLAC ilitoka rasmi mwaka 2001 na ni ya bure. Inabana faili bila kutupa chochote, ukilifungua unapata kila kilichoingia. Mimi nilikwenda pale na ubishi wangu wa 96,000, maana binamu yangu alinihakikishia kwamba asiyerekodi kwa 96,000 anapoteza. Mzee hakubishana. Alinifungulia tena ile picha ya kanda 17 baada ya kurekebisha hedi, akaniuliza muziki unaishia wapi. Uliishia kama 12,000 hivi, juu yake mvumo tu. Kupima mara 48,000 kunatosha kubeba sauti hadi kama 24,000, na sikio la mtu, hata la mtoto mchanga, linakomea kama 20,000. Ningechukua 96,000 kwa biti 24 ningelipia MB 34 na nusu kila dakika, zaidi ya GB 2 kwa kanda ya saa moja, ili nihifadhi kitu ambacho hakimo. Nikakubali.

Biti 24 lakini aliing'ang'ania, na sababu yake ni ya kazi. Kanda ya harusi haina adabu: mwimbaji yuko chini, ghafla wanawake kumi wanapiga vigelegele mbele ya redio. Ukirekodi kwa sauti ya juu, vile vigelegele vinagonga dari na kukatika vichwa, na hakuna programu ya kuviunga. Kwa biti 24 anaweza kuacha nafasi kubwa juu, halafu akapandisha sauti baadaye bila kuongeza makelele yake mwenyewe. Nilimwona akirudia upande mzima wa kanda 22 kwa sababu ya kigelegele kimoja kilichogusa juu. Dakika 30 nyingine. Hakuniongezea hata shilingi.

Watoto ndio waliotuchukua muda mrefu zaidi kuamua, na hapo ndipo nilipompenda, maana hakunipangia. Alikata kipande cha sekunde 20 kutoka kanda 17, penye tari, makofi na bibi, akakitengenezea matoleo matano: mama mwenyewe, 320, 192, 128 na 96. Akayachanganya na kuyapa herufi. Nikavaa hedifoni, ile kubwa yake ya waya, nikaambiwa niandike kila herufi ni nini. Tukarudia mara tano, kila mara akizivuruga herufi.

Ile ya 96 niliikamata kila mara. Makofi ndiyo yaliyoisaliti. Kofi ni kitu cha ghafla, *pa*, kina ukingo. Kwenye 96 kulikuwa na kitu kama upepo mdogo unaotangulia kabla ya kofi, *fspa*, kama mtu anavuta pumzi. Mzee alisema ndivyo MP3 ilivyo ikibanwa sana: inafanya kazi kwa vipande vidogo vya muda, na makosa yake yanasambaa kwenye kipande chote, hata sehemu iliyo kabla ya pigo. Ukishausikia mara moja huwezi tena kutousikia. Ile ya 128 niliipata mara nne kati ya tano, kwa njuga. Kati ya 192, 320 na mama, nilikuwa nabahatisha. Nimeandika hapa kama ilivyokuwa. Nilitaka sana kusikia tofauti, nilifumba macho, nilishika hedifoni kwa mikono miwili, sikuisikia.

Kijana wake wa kazi, ana miaka 19, aliitambua 192 mara mbili. Basi mzee akatupima masikio kwa mlio mmoja mmoja unaopanda. Mimi mlio ulitoweka kabla ya 14,000. Kijana bado alikuwa ameinua mkono kwenye 16,000 na zaidi. Mzee mwenyewe hakusema wake uliishia wapi, ila aliniambia kwamba maamuzi ya njuga sasa anamwachia kijana aangalie pamoja naye. Sauti za juu ndizo za kwanza kutuaga umri ukienda, kwa kila mtu.

Tukaamua hivi. Kanda za shughuli na za dansi zilizorekodiwa vizuri, MP3 ya kiwango kinachopanda na kushuka, ile ambayo LAME, programu ya kutengenezea MP3, inaiita V2, ambayo wastani wake huwa kama 190. Mahali pa kimya inatumia kidogo, penye tari na makofi inatumia zaidi, ambavyo ni akili kuliko kugawa sawa kwa kila sekunde. Kanda za redioni ni jambo jingine kabisa. Baba alizirekodi kutoka mawimbi ya kati, na mawimbi ya kati yamegawanywa kwa vituo vilivyopishana kilohezi 9 tu, kwa hiyo sauti inayofika haivuki sana 4,500. Tena ni mono, yaani kushoto na kulia ni sauti ile ile. Kuiwekea 320 ya stereo ni kuandika kitu kile kile mara mbili kwa wino wa gharama. Hizo tukaziweka mono, kilobiti 96, na nimezisikiliza zote kwa makini: sijapata kasoro ambayo haikuwamo kwenye kanda yenyewe. Kumbuka 96 hiyo ni ya upande mmoja peke yake, ndiyo maana haina yale mapovu. Wengi wanaogopa mono wakidhani ni kupunguziwa.

Hesabu ikatoka hivi: kanda 38 zilizookolewa, mama zote ni GB 28 na ushei, watoto ni chini ya GB 3. Mama ziko kwenye diski ya nje nyumbani na nakala nyingine kwa dada yangu Muheza. Watoto wako kwenye flashi ya GB 16. Nilikwenda na flashi mpya ya GB 64 nikitaka niitumie kwenye gari la mume wangu, mzee akanizuia mapema: flashi kubwa hizi huja zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na redio nyingi za magari ya zamani husoma FAT32 tu, na nyingi hazitambui FLAC kabisa. Angalia hilo kabla hujalaumu faili.

Na kwenye gari lenyewe, kusema kweli, barabara ya Pangani ikiwa na vumbi na dirisha liko wazi, hata 128 ingetosha. Sabufa ya sebuleni ya blutuu vilevile: blutuu ya kawaida inaibana sauti upya kabla ya kuituma, kwa hiyo hata ukiipa FLAC spika inapokea kilichobanwa. Ubora unauhitaji unapokaa peke yako na hedifoni ya waya usiku, na unauhitaji kwenye mama, kwa ajili ya vifaa ambavyo wajukuu watakuwa navyo. Kwa simu na bando mimi sasa napiga hesabu rahisi. Spotify kwa mfano ina 24 kwa ubora wa chini, 96 wa kawaida, 160 wa juu na 320 wa juu sana. Saa nzima ya 320 ni MB 144. Saa ya 96 ni MB 43. Nikiwa kwenye bajaji naweka 96 na bando langu linafika mwisho wa wiki.

Malalamiko ninayo, na nimemwambia ana kwa ana.

La kwanza ni kijana. Kundi la kwanza la kanda tano alizipitisha kwenye kuondoa mvumo bila kuniuliza, tena kwa nguvu. Mvumo ulikwisha kweli, lakini ulikwenda na pumzi za waimbaji, na mikia ya fidla ikawa inakatika na kuacha mlio wa ajabu, kama vijikengele chini ya maji. Ni ugonjwa ule ule wa Dar kwa dawa nyingine. Nilizirudisha. Mzee alikasirika, si kwangu, akazitoa upya kutoka kwenye mama ambazo kwa bahati zilikuwa hazijaguswa. Sema mapema kwamba mvumo uachwe. Masikio yanauzoea ndani ya dakika mbili.

La pili ni muda. Aliniambia wiki mbili, ikawa wiki tano. Kanda inahamishwa kwa mwendo wake halisi, saa moja ni saa moja, hilo naelewa, na umeme ukikatika katikati upande mzima unaanza upya. Lakini simu angepiga. La tatu, hatoi risiti mpaka umwombe, na mafaili yote yalikuja na majina ya namba tupu. Nimekesha siku tatu nikiandika majina kutoka kwenye karatasi za baba. Kama unataka akukatie wimbo mmoja mmoja analipisha 2,000 zaidi kwa kanda, na ningelipa.

Bei yenyewe ilikuwa shilingi 6,000 kwa kanda, mama na mtoto pamoja. Kuna watakaosema ni ghali wakati kwenye vibanda vya kujaziwa nyimbo unapata flashi nzima kwa 5,000. Ni kazi mbili tofauti. Nimemwona akihamisha kijisufi kidogo cha nyuma ya mkanda kutoka kwenye kanda mbovu kwenda kwenye kanda namba 8 kwa kibano, kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa imekauka na kijisufi kimeanguka, na bila hicho mkanda haugusi hedi sawasawa. Nimemwona akifungua ganda lenye ukungu mweupe, ukungu wetu huu wa joto la pwani, na kuupangusa mkanda mita baada ya mita nje ya duka, upepo ukimpelekea mgongoni. Kwa hilo 6,000 ni heshima ndogo.

Jumapili iliyopita nilimpelekea shangazi, bibi harusi mwenyewe wa 1986. Nilimvalisha hedifoni, nikaicheza kanda 17 kutoka kwenye mama. Alisikiliza kwa utulivu mpaka kwenye fidla, akaniuliza nani huyu, kisha akajijibu kwa kutaja jina la mpigaji ambalo hakuna aliyeliandika popote. Nikalichukua na kuliongeza kwenye jina la faili. Bibi alipoita, shangazi aliitikia "abee" kwa sauti, sebuleni, kwa ajili yangu.

Kanda tatu hazikupona. Mbili mkanda umegandana na mzee amenirudishia kwa masikitiko. Ya tatu, namba 29, imekatika ndani na ganda lake lilibandikwa kwa gundi badala ya skrubu, kwa hiyo anatafuta ganda lingine la kuihamishia. Nimemwachia. Ameniambia nipite Jumamosi asubuhi, kabla mshona mikoba hajawasha cherehani.